Kifaransa cha Kuombea Maji

Jumapili, 4 Mei

Meza ya chakula si yetu tena. Ni ya Mama na shahada yake. Wiki ya pili sasa tunakula sahani zikiwa magotini.

Uzamili wa filamu, kwa utafiti. Yaani hakuna darasa, hakuna mtihani, ni yeye na tasnifu yake na msimamizi anayeandika "Kwa nini?" pembeni mwa kila aya. Nyumbani tunamwita Bwana Kwa Nini. Mchana Mama anahariri video za harusi za watu, akirudi anahariri sentensi zake.

Na tasnifu inamhusu Babu! Zamani Babu alikuwa mkalimani wa ukumbi wa sinema. Anakaa kando ya skrini na maikrofoni, watu wa kwenye filamu wanasema Kifaransa, yeye anawaambia watazamaji kwa Kiswahili. Sura ya tatu ya Mama inaitwa "Mkalimani Mwaminifu".

Leo nimepewa kazi. Kuna kaseti zilizorekodiwa humo ukumbini, nichape maneno ya Babu. Ya Babu tu — Mama amesisitiza. Hicho Kifaransa atatafuta mtaalamu baadaye, yeye hakijui.

Mimi nasoma shule ya lugha mbili. Mwaka wa tisa huu, Kiswahili na Kifaransa. Sikusema kitu. Mama hajawahi kunisikia nikizungumza Kifaransa. Si kosa lake, hata Kiswahili chenyewe nakizungumza kwa mgawo.

Jumanne, 6 Mei

Sauti ya Babu akiwa kijana! Nyororo kama mtangazaji wa redio. Watu wanapiga kelele "Rudia hapo!" naye anarudia, filamu ikimwacha nyuma, hana habari.

Nimefika pale. Kila mtu wa nyumba hii anapajua pale. Kapteni anaondoka, mkewe amesimama, Babu anasema taratibu: "Nenda. Ukirudi utanikuta nimezeeka, lakini utanikuta mlangoni." Ukumbi mzima kimya. Halafu mtu anapenga kamasi.

Mama huniambia hivyo kila asubuhi nikienda shule. Utanikuta mlangoni. Aliniambia siku ya kwanza ya chekechea nikiwa nimeng'ang'ania sketi yake, na mchana nikamkuta kweli.

Ila chini ya sauti ya Babu yule mwanamke anasikika. Nimerudisha nyuma mara sita.

Anasema: "Funga dirisha. Kuna baridi."

Jumatano, 7 Mei

Nilidhani ni pale tu. Mama anayo filamu yenyewe, aliipata kwenye hifadhi ya ng'ambo, nimeitazama yote.

Si pale tu. Kapteni si kapteni! Ni afisa wa forodha. Wale "ndugu wanaogombea urithi" ni mwenye nyumba na fundi bomba, wanabishana kuhusu bomba linalovuja. Dakika tisini, na Babu kapatia neno moja. Majeruhi amelala chini, anasema "Maji." Na Babu: "Maji!"

Watu husema fulani ana Kifaransa cha kuombea maji. Babu yangu ndicho alichonacho, hicho hasa, hakuna kingine! Nimecheka peke yangu hadi nikang'ata mto.

Kisha nikakumbuka sura ya tatu. Mama ameandika kwamba Babu hakuongeza neno wala kupunguza. Jumatano ijayo anaitetea kwenye semina, mbele ya jopo. Wakimpitisha, anaendelea na utafiti. Wasipompitisha, ni harusi za watu maisha yote. Filamu itaonyeshwa, Babu ataalikwa. Na mwalimu wa Kifaransa wa chuo atakuwepo, Mama kamwalika mwenyewe. Kwa furaha kabisa.

Jumamosi, 10 Mei

Nimejaribu kumwambia mara tatu. Kila nikifungua mdomo naomba chumvi. Mara ya tatu Mama kanitazama: mwanangu, unataka kugeuka samaki mkavu?

Nikaenda chumbani kwa Babu. Alikuwa anang'arisha viatu vya semina.

"Mchumba wangu! Leo umenikumbuka?"

Nikamwuliza, macho sakafuni, Kifaransa alijifunzia wapi. Akauchungulia mlango kwanza. Jikoni, akasema. Hotelini, wiki sita, akimsugulia masufuria mpishi mmoja mkali kama pilipili. Akanihesabia kwa vidole: maji, chumvi, moto, toka hapa. Basi. Halafu mwenye ukumbi akauliza nani anajua Kifaransa.

"Nikanyoosha mkono. Na mkono ukishapanda, mjukuu wangu, utaushushaje?"

Nilidhani ataona haya. Wapi! Aliweka brashi chini, akaniuliza kwa sauti ndogo:

"Sasa yule mama pale… anasemaje?"

Nikamwambia.

"Dirisha?"

"Dirisha, Babu."

Kiatu kimoja kiko mkononi. Halafu akaruka: "Ndiyo maana anatazama pembeni! Miaka yote hiyo najiuliza, mke gani anamuaga mumewe huku anatazama pembeni!" Akacheka hadi akapaliwa, nikampiga mgongoni. Akafuta macho. Akayafuta tena.

"Mwambie mama yako."

Mwambie wewe, Babu.

"Mimi? Mimi namwogopa."

Hata mimi.

"Basi tumekwisha sote wawili."

Lakini hapa niseme kweli, maana hakuna anayesoma. Mama simwogopi. Naogopa kuwa mtu aliyemnyang'anya ule mlango.

Jumatatu, 12 Mei

Kwa mdomo siwezi. Nimechapa karatasi. Safu mbili: kushoto inavyosema filamu, kulia alivyosema Babu. Mstari kwa mstari.

Jambo la ajabu. Ukisoma kushoto unapiga miayo. Ukisoma kulia huwezi kuiweka chini.

Nimeichomeka kwenye faili lake la semina, juu kabisa. Kisha nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Jumanne, 13 Mei

Karatasi haipo tena pale juu. Mama amepiga pasi gauni lile lile mara mbili.

Asubuhi nikiaga hakusema utanikuta mlangoni. Amesema "Haya."

Haya!

Jumatano, 14 Mei

Niko seminani, kiti cha nyuma kabisa, naandika juu ya goti. Shuleni wameniruhusu. Joto humu si la kawaida, feni ni pambo, madirisha yote wazi na hakuna hata jani linalotikisika. Jopo watu watatu. Mwalimu wa Kifaransa mstari wa mbele, kalamu tayari. Babu viatu vinametameta, hageuki.

Mama amesimama. Kwenye skrini: "Mkalimani Mwaminifu". Jana haikuwa na alama ya kuuliza. Leo ipo.

Mkononi ana karatasi moja. Naijua ile karatasi. Imekunjwa na kukunjuliwa mpaka imelegea kama kitambaa. Anaitazama, mabega yanatikisika. Analia? Anacheka? Kutoka huku siwezi kujua. Bwana Kwa Nini anakohoa, anamwambia aanze tu.

Mama anainua uso. Ananitafuta safu kwa safu. Ananipata.

"Mwanangu," anasema ndani ya maikrofoni, "funga dirisha. Kuna baridi."

Watu wanatazamana. Mtu anajipepea na kijitabu. Babu kainamisha kichwa, kiti chake kinalia kwi kwi kwi kwa kicheko anachokizuia.

Na Bwana Kwa Nini, lazima awe yeye: "Kwa nini? Na joto hili?"

"Swali zuri," Mama anajibu. Anaichomoa maikrofoni kwenye kishikio, anaielekeza huku nyuma, kwangu. "Mwulize binti yangu. Ndiye anayekijua Kifaransa."

Wamegeuka wote. Babu pia. Ananyoosha mkono wake juu, juu kabisa, kunionyesha jinsi inavyofanywa. Naweka kalamu chini, nanyoosha wangu.