Matundu ya Kabati la Mkwe Wangu

MAELEZO YA SHAHIDI
Anajulikana kama: Mama Cherehani. Umri: miaka 63. Kazi: mshonaji. Makazi: chumba cha uani, nyumbani kwa binti yake.

Mimi ni mtajwa hapo juu. Naishi kwa binti yangu na mumewe, ambaye hurekodi michezo ya redio katika chumba kinachopakana na changu.

Mnamo tarehe 4 mwezi huu, saa nne asubuhi, fundi seremala alileta kabati la kufungwa kwa ufunguo, la kuwekea amplifaya na mitambo mingine ya mkwe wangu. Mbele yangu alitoboa ubao wa nyuma, tundu moja chini na jingine juu. Nikamuuliza ni ya nini. Akasema, "Mama, mitambo inachemka. Hewa baridi iingie chini, ya moto itokee juu. Feni ingepiga kelele, na maikrofoni ingeinasa." Nikamwambia kabati linalopumua sijaliona tangu nizaliwe. Akacheka. Kicheko kile sikukipenda hata kidogo.

Tarehe 7, saa nane mchana, nikiwa nashona, nilisikia sauti yangu mwenyewe ikitoka chumba kile. Yalikuwa maneno niliyomwambia dada yangu kwa simu siku iliyotangulia, kwamba mkwe wangu ni mkono wa birika. Nikasimamisha cherehani. Jioni mkwe wangu alinipa shikamoo kwa adabu kuliko siku zote, wala hakugusia kitu. Nikajisemea, kikulacho ki nguoni mwako. Tundu la juu lilielekea ukuta wangu sawasawa, nikaamini ndilo linalonisikiliza.

Tarehe 9, saa tatu asubuhi, mkwe wangu akiwa ametoka, nilipitisha mkono nyuma ya kabati nikayaziba matundu yote mawili kwa sponji ya mto. Niliisokomeza mpaka isionekane. Mkwe wangu alirudi akawasha mitambo, akafanya kazi kutwa. Saa kumi jioni kabati liliwaka. Binti yangu aliungua viganja akizima moto.

Mkwe wangu alisema fundi amefanya kazi ya kulipua, na siku hiyohiyo fundi akakamatwa. Jana mkewe alikuja getini kuniomba nimtetee mumewe, kwa kuwa nilikuwepo wakati anatoboa. Nilimjibu sijui lolote.

Fundi hana kosa. Najua binti yangu anaweza kunitoa nyumbani kwake, nami sina pengine pa kwenda. Naogopa.

Mkwe wangu yuko hapo nje kwenye benchi. Ndiye aliyenileta, akidhani nimekuja kumkandamiza fundi. Naomba afande ndiye amweleze haya, mimi mdomo huo sina.

Nimeyasema haya kwa hiari yangu, hakuna aliyenituma.

Saini ya shahidi: (imetiwa)

Maelezo ya mwandishi: Nimemsomea shahidi, amekiri ni sahihi na kusaini tarehe 11, saa tano na dakika ishirini asubuhi. Ameomba atokee mlango wa nyuma. Nimemweleza kuwa kituo kina mlango mmoja tu.
Koplo wa zamu