Shikamoo ya Kazungu

Jumatatu, 11 Mei 1987

Nimesahihisha madaftari arubaini na tatu. Mkono unauma. Masika yamechelewa, vumbi tupu. Kesho semina ya walimu, siku mbili, wala sina hamu. Anakuja daktari wa saikolojia kutoka chuo kikuu. Anatafiti namna mashahidi wanavyokumbuka na mahakimu wanavyoamua. Mwalimu mkuu kanichagua mimi kwa kuwa nimeshasimama kizimbani kutoa ushahidi.

Nimesimama kweli, mwezi uliopita. Kesi ya Mzee Salim, jirani yetu mwenye duka, aliyevunjwa taya na kunyang'anywa mauzo yake. Nilikuwa mlangoni pa duka na chupa yangu ya mafuta ya taa, magharibi inaingia, koroboi inawaka. Yule mtu alinipita akikimbia. Uso niliuona. Aliyeshtakiwa ni Kazungu wa Vitengeni. Shahidi wa kumwona ni mimi peke yangu. Kesi itatajwa tena tarehe 22, kisha hukumu.

Jumanne, 12 Mei

Kituko. Daktari Njeri alikuwa akizungumza, mara akaingia mwanamume, akakwapua kikapu cha Daktari mezani, akatoka mbio. Tukapiga kelele. Kumbe mchezo. Akatuandikisha tuliyoyaona.

Anasema wenzake wa ng'ambo wamekuwa wakifanya hivi kwa miaka kadhaa, naye anataka kujua kama na sisi tuko vivyo hivyo. Kwangu atakwama. Miaka kumi na minane nafundisha, sijasahau sura ya mtoto hata mmoja.

Jumatano, 13 Mei

Wanaume sita wakapangwa ukutani. Nikaenda moja kwa moja nikamgusa bega wa tatu, kama nilivyomgusa Kazungu kwenye gwaride la utambulisho kituo cha polisi. Daktari akaniuliza nina hakika kiasi gani. Nikamwambia naweza kula yamini.

Mwizi wa kikapu hakuwamo kabisa. Niliyemgusa ndiye aliyetumiminia chai jana asubuhi.

Daktari hakucheka. Alisema, "Sura tunaikumbuka, Mwalimu. Tulikoiona ndiko tunakosahau." Akaongeza kuwa anayesema kwa hakika ndiye anayeaminiwa mahakamani, hata akikosea.

Nimeudhika. Chakula cha mchana sikukigusa. Ule ulikuwa mchezo, ya Salim ilikuwa kweli. Nimejiambia hivyo njia nzima.

Alhamisi, 14 Mei

Hesabu, darasa la tano. Wao wanaandika, mimi natazama dari kama mvivu. Juu ya madawati ya nyuma, pale palipokuwa pakivuja kila mwaka, kuna makuti mapya. Rangi yake bado haijafanana na ya mengine.

Nikakaa. Watoto wakaniuliza kama naumwa.

Mwezi wa pili alikuja fundi wa kuezeka. Siku tatu alikuwa juu ya paa hilo, na mimi ndiye niliyempelekea chai na mahamri. Duka la Salim lilivamiwa mwezi uliofuata. Nikamuuliza mwalimu mkuu jina la fundi. Akafungua daftari lake, akasoma bila hata kunitazama: Kazungu, Vitengeni.

Ijumaa, 15 Mei

Sasa yote yanarudi, nami siyataki.

Kituoni, nilipomfikia kwenye mstari, aliinua uso akasema, "Shikamoo, Mwalimu." Nikadhani ananikejeli. Nikamgusa bega. Koplo akasema nimefanya vyema, na tangu siku hiyo hakika yangu ikazidi kunenepa.

Mahakamani hakuwa na wakili. Aliniuliza swali moja tu: "Mwalimu, kwani hunijui?" Nikamjibu namjua vizuri, ndiye aliyempiga Mzee Salim. Watu wakaguna. Akakaa chini, hakuuliza tena. Mkewe alileta jamaa waseme siku ile alikuwa matangani Vitengeni. Nao ni ndugu zake, nani awaamini?

Alikuwa akimsalimu mtu aliyempa chai. Sikumwitikia.

Jumanne, 19 Mei

Nimekwenda kwa mwendesha mashtaka. Mtu mpole, akanipa kiti. Akasema ushahidi umefungwa, na mwalimu akigeuza maneno ya kiapo ataonekana mwongo, au amehongwa. Akanishauri nipumzike.

Mama kaniuliza nitamtazama Salim kwa uso gani. Salim anakunywa uji kwa mrija mpaka leo. Kuna mtu alimpiga, na kwa sababu yangu hakuna anayemtafuta mtu huyo.

Naogopa. Nasema wazi humu, naogopa kuitwa mwongo kuliko ninavyomwogopea Kazungu. Ni aibu, lakini ndivyo ilivyo.

Ijumaa, 22 Mei

Kesi ilipotajwa nilisimama kati ya watu. Askari akanishika mkono. Hakimu akakasirika, kisha akaamuru nirudi kizimbani, nile kiapo upya.

Nikaeleza. Paa, chai, kikapu cha Daktari. Sauti ilinitetemeka, nikajikwaa, nikarudia maneno. Mwendesha mashtaka akaniuliza: basi nasema siye? Nikasema sijui. Ni yeye au siye? Sijui. Alirudia mara tatu, nami mara tatu nikasema sijui. Salim alikuwa benchi la mbele na kitambaa cha kushikia taya kichwani. Alitoka kabla sijamaliza.

Hukumu Jumatano.

Jumatano, 27 Mei

Miaka saba, na viboko.

Hakimu alisoma taratibu. Alisema shahidi huyu alipotoa ushahidi mara ya kwanza hakusita hata kidogo, alikuwa mtulivu, na kwenye gwaride alimgusa mshtakiwa bila kufikiri. Mara ya pili alitetemeka na kujikanganya. Mahakama inaamini ile ya kwanza.

Daktari Njeri alikuwa nyuma, anaandika. Nilimwandikia barua aje, akaja. Nje aliniambia hilo ndilo analolichunguza, na sasa anao mfano. Nilimchukia kwa muda mfupi. Hana kosa.

Wakampitisha Kazungu karibu yangu na pingu zake. Marahaba nilikuwa nimeshaiweka mdomoni. Alinitazama, akapita. Hakunisalimu.

Jumanne, 2 Juni

Salim hanijibu salamu. Mafuta ya taa nayanunua ng'ambo ya barabara.

Masika yameingia leo, kwa kishindo. Tulikuwa kwenye kuzidisha. Watoto wa madawati ya nyuma, kwa mazoea ya kila mwaka, walisogeza madawati, wakaleta ndoo wakaitega mahali pale pa zamani. Sikuwakataza. Mvua ilipiga mpaka kengele ya mwisho, sauti yangu haisikiki.

Walipokwenda nikaenda kuitazama ndoo. Kavu. Hata tone.