Baba Akataa Kiti cha Wageni

Jumamosi, Juni 1958

Basi tukachagua kiti cha kitambaa cha kijani, chenye mgongo uliolala nyuma na mikono mipana ya mbao. Mume wangu alitaka kitu cha kisasa cha kupendezesha sebule yetu hapa Kabete. Mimi nilitaka Baba apumzishe mgongo. Tangu aje kutoka Maragoli anakaa kwenye stuli tu.

Pale dukani mjini, mwenye duka aliupigapiga mto wa kiti kuutoa vumbi. "Kaa, mzee. Jaribu tu."

Baba akarudi nyuma, kofia mkononi. "Hapana. Hicho ni cha wageni."

Niliona aibu, kisha moyo wangu ukalainika. Nyumbani Maragoli, nilipokuwa mtoto, tulikuwa na kiti kimoja tu, cha kukunja. Mama alikifuta kila Jumamosi, na Jumapili mhubiri alikikalia akinywa chai yetu. Baba alisimama mlangoni. Sikuwahi kujiuliza kama alichoka.

"Leo mgeni ni wewe, Baba," nikamwambia.

Alikaa ukingoni kwanza, magoti pamoja kama yuko kanisani. Kisha akaegemea polepole, akafumba macho. Nilidhani amesinzia.

"Mama yako," akasema, "alikuwa anakikalia kile cha kukunja mimi nanyi watoto tukienda shamba. Alidhani mimi sijui."

Tangu tumzike mwaka juzi, alikuwa hajawahi kumtaja. Tulicheka, mimi na yeye, mpaka mwenye duka naye akacheka, bila kujua tunacheka nini.