Picha za Tororo Ukutani kwa Mama

Kijiji cha Mugutha,
Posta ya Ruiru.
9 Septemba 1956

Mpendwa kaka Gerishon,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu Nakhumicha na watoto, na kwamba kile kifua kilichokusumbua wakati wa mvua kimekuachia. Sisi huku tunapumua. Mimi ni mgongo tu, na mgongo nimeuzoea. Naandika kwa Kiswahili kama ulivyotaka, ili wifi naye ajisomee bila kukungoja utoke kazini reli huko Tororo.

Maharagwe yalikaukia shambani. Tunaenda shamba kwa saa walizotupangia askari wa serikali na kurudi kwa saa walizotupangia, kwa hiyo ndege wamevuna kuliko sisi. Hilo tuliache.

Sasa ile habari ya picha. Umeniuliza mara mbili, na mara zote mbili nikakujibu habari za mbuzi. Leo nimeona nikwambie.

Zilifika mwezi wa nne, zote tatu, zimebandikwa vizuri kwenye kadibodi ngumu, hakuna iliyokunjika: yako ukiwa na sare ya reli, ya Nakhumicha na mvulana, na ya Njambi peke yake amesimama juu ya kiti. Unajua Mama alivyomngoja huyo mtoto. Tangu ulipompa mtoto jina la Mama, kama desturi yetu inavyotaka, hamwiti Njambi. Husema "mimi mdogo wa Tororo". Siku hiyo alizishika mlangoni penye mwanga. Macho yalikuwa yameanza kuingia ukungu, akasema anaona gauni na viatu. Uso akawa anautafuta kwa kidole gumba, na kidole kilikuwa na mafuta ya chakula.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilikumbuka ulivyoandika kwamba nyuso zisiguswe, na kwamba picha ni nyepesi, zitundikwe tu ukutani bila fremu. Nikamnyang'anya. Nikazifunga kwa kitambaa, nikazitia sandukuni, nikamwambia atazitazama kwa raha zikishapanda ukutani mbele ya kitanda chake. Kaka, nilidhani nyepesi maana yake rahisi.

Wewe hujaziona nyumba hizi tulizojengeshwa mbio mbio. Ukuta ni udongo mtupu. Msumari ukiingia, unatoka na donge la ukubwa wa ngumi. Nilitoboa matundu manne, kisha nikawa na kazi ya kuyaziba. Nikaona nipake chokaa kwanza, maana watu waliovaa viatu namna ile hawawezi kukaa kwenye ukuta wa masizi, na hiyo chokaa nikaingoja wiki tatu. Kisha nikapika uji mzito wa ngano, nikabandika kipande cha kadibodi tupu kuujaribu. Asubuhi panya walikuwa wameumaliza uji na kadibodi pamoja. Nikajaribu miba kwenye pembe, ikashika siku mbili ikaanguka. Kila jioni Mama aliuliza kama "mimi mdogo" ameshapanda, nami kila jioni nikajibu kesho.

Mwezi wa saba nilimpeleka Thika akapimwe. Macho yake ukiyatazama ni safi kabisa, kumbe yanazimika kwa ndani. Daktari alisema kilichokwisha kuzimika hakirudi, labda wenzake wa Nairobi wangezuia kilichobaki. Niliomba pasi ya kuingia Nairobi nikakataliwa. Nikaomba tena nikakataliwa. Mara ya tatu karani hakuinua hata kichwa. Nilirudi nyumbani nikachukua nyundo, maana ukuta ndio pekee niliokuwa na ruhusa nao.

Mwishowe nilimwendea Muthoka, yule fundi viatu Mkamba wa sokoni Ruiru, nikamweleza taabu yangu. Alicheka. "Sasa wewe unapiga msumari kwa udongo ya nini? Hiyo nyumba si iko na miti ndani? Gonga ukuta, sikiza." Nikagonga, nikasikiliza, nikapata miti miwili. Msumari kwa kila mmoja, katikati uzi wa mkonge. Nyuma ya kila kadibodi Muthoka aligundisha kipande cha kitambaa chenye kitanzi cha uzi, basi. Upepo ulipoingia zikageuka zote tatu zikatuonyesha migongo, nikazifunga kwa chini pia. Sasa zimenyooka sawasawa, ungejivunia.

Jumapili iliyopita baada ya kanisa nilimwinua Mama kitandani, nikamgeuza uso akaelekea ukutani. Mlango ulikuwa wazi, jua limejaa chumbani. Akaniuliza nitaanza lini kuzitundika.

Nilizishusha nikampa mkononi, mafuta yawepo yasiwepo. Akapitisha vidole juu ya ile ya kwanza, polepole, akaenda ya pili, akaenda ya tatu. Akarudia. "Warigia, mbona wote wana uso mmoja?" Nikatoka nje nikamwacha nazo.

Sikuandikii ili ujilaumu, lawama ninayo mimi na inanitosha. Najua huwezi kuja bila karatasi zao, na ukija hawatakuacha urudi. Lakini wifi si wa kabila letu, haombwi pasi tunazoombwa sisi. Nakhumicha, ukifika hapa usome mara mbili: panda gari moshi na mtoto, umlete aguswe uso. Mimi sijui tena la kufanya. Nimekwisha.

Shangazi Ngina anawasalimu sana, na Ephantus wake pia, amepata kazi kiwandani Thika. Mnisalimie mzee Tobias aliyewapiga picha. Mwambieni hakuna kosa lake. Mungu awalinde njiani na nyumbani, na awape macho ya kuwaona watoto wenu wakikua.

Mama ameniita sasa hivi nikiandika, akanipa salamu zake, na amenikataza kuandika neno lolote juu ya macho. Naziandika kama alivyozitoa: picha ameziona, ni nzuri sana, na Njambi amechukua pua yake.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Warigia