Salamu Zilizokula Hesabu

Temeke, Dar es Salaam

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo sana. Je, kikohozi kimepungua? Mdogo wangu Elia aliniandikia kuwa baridi ya huko Upare ilikuzidi, hata shambani huendi. Mie ni mzima, ila roho yangu iko kwako.

Mama, malezi yako nusura yanifukuzishe kazi. Usicheke. Ulinifundisha kuwa salamu ya mkubwa haikatizwi, nami nikaja nayo mpaka huku. Shule yetu iko kando ya njia ya sokoni, na madirisha yake ni matundu tu. Kila mzee anayepita huingiza kichwa kunisalimu. Basi naweka chaki chini: shikamoo, marahaba, za nyumbani, za watoto, za kwenu bara. Darasa zima nalo husimama kuitikia. Tukirudi ubaoni kengele inalia, hesabu za kugawanya zimebaki njiani. Aliyewashinda wote ni Bi Mwanaidi, muuza vitumbua. Yeye haondoki bila kuuliza habari zako, na hata hakujui.

Mkaguzi alipokuja akakuta darasa langu limeachwa nyuma na mengine yote. Akasema akirudi akakuta tena somo halikufika mwisho, hatanithibitisha kazini. Nikajiona narudi nyumbani na sanduku langu mkononi, wewe mgonjwa, nami sina hata ya dawa.

Kwanza nilijitia uziwi. Wazee wakisalimu, nawapa mgongo, naandika. Haikupita siku mtaa mzima ukasema mwalimu wa bara ana kiburi, na Bi Mwanaidi akapita kimya. Iliniuma sana, mama. Kesho yake nikadamka, nikawapitia nyumba kwa nyumba kabla ya shule, nikasalimu mpaka wakatosheka, kisha nikawaomba: kengele ikishalia, wakati ule ni wa watoto. Bi Mwanaidi alikuwa jikoni anakaanga. Alinipa kitumbua cha moto, nikajua yamekwisha.

Juma lililopita mkaguzi akarudi, akaketi nyuma ya darasa. Katikati ya somo nikaona sinia la Bi Mwanaidi linakuja, likasimama pale dirishani. Sikugeuka. Nilifundisha mpaka hesabu ya mwisho, watoto wakaipata, wakafunga madaftari, ndipo kengele ikalia. Mkaguzi akanipa mkono. Nimethibitishwa, mama.

Nilipotoka nikamkuta Bi Mwanaidi angali amesimama ukutani, juani, sinia kichwani.

"Ushamaliza, mwanangu?" akauliza. "Haya. Mama yako hajambo?"

Nikamwambia hujambo, u mzima kabisa. Basi hiyo dawa niliyompa dereva wa lori akuletee uinywe yote, nisije nikawa nimemdanganya yule bibi.

Nisalimie baba mdogo Zakaria, shangazi Naetwe na jirani yetu mzee wa kanisa, kila mtu kwa zamu yake, wala usiwakatize. Bi Mwanaidi naye anakusalimu. Anangoja jibu.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Yohana