Mikeka Yetu Mpakani

Bagamoyo,
Ijumaa, baada ya swala ya adhuhuri

Mdogo wangu Zainabu,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo yako najua imeshakutoka kabla bahasha haijafunguliwa, basi marahaba, tena marahaba sana. Hujambo wewe? Goti lile la kushoto linasemaje? Yale mafuta ya mkaratusi niliyokupelekea unayapaka, au umeyafungia kabatini kama manukato ya harusi? Nakujua. Yapake, yakiisha nitaleta mengine. Na paa umeezeka, au mvua ikinyesha bado unatandaza masufuria chumbani? Sisi huku tu wazima, Alhamdulillahi. Kifua kilinibana wiki mbili, sasa kimeniachia. Mwanangu Saumu hajambo, amenenepa, nimemwambia, amenuna.

Nakuandikia kwa sababu simu husikii, tusidanganyane. Mara ya mwisho nilipaza sauti mpaka jirani akaja mbio kuuliza kafa nani. Na habari hii sitaki uipate nusu. Mwanao Athumani akusomee karibu na sikio la kulia. Athumani, mwanangu, herufi zangu ni zile za ngumbaru, kubwa kama mayai, lakini zinasomeka. Usiruke mstari.

Zainabu, mikeka imevuka! Mzigo mzima umepita mpakani bila ushuru, na hivi ninavyoandika imo Mombasa dukani kwa Bi Rukia, kaisimamisha mlangoni watu waione.  Lakini ili ivuke nimefanya jambo ambalo mama yetu, Mungu amrehemu, angenitoa barazani kwa ufagio. Nimelifanya bila idhini yako. Kwa hiyo nakueleza tangu mwanzo, na wewe usinune kabla sijamaliza.

Habari za ushuru unazo. Nani alianza sijui. Huku Tanzania wanasema ninyi Wakenya ndio mliotuanza, huko kwenu bila shaka wanasema ni sisi. Mimi siasa yao naionea dukani. Sabuni niliyozoea kununua mche mzima sasa nakatiwa kipande, na muuzaji anakikata kwa uangalifu utadhani keki ya harusi. Mafuta ya kupikia yanayotoka kwenu yamepanda, na ya hapa hapa nayo yakapanda kwa kuona mwenzake kapanda. Nikamuuliza mwenye duka, "Haya ya hapa yamevuka mpaka gani?" Akanijibu, "Bibi, bei haina uraia." Nusura nimpige na kanga! Na Athumani aliniambia kwamba huko kwenu mchele wetu siku hizi mnaupika sikukuu tu. Basi tumelingana. Ninyi hamli mchele, sisi hatufui nguo.

Sasa sikiliza aibu yangu. Mimi niliushangilia ushuru huo. Ndiyo, mimi. Huku tuna mambo ya uchaguzi, na mgombea udiwani alikuja mtaani kwetu na gari la muziki. Akasema bidhaa za jirani zitozwe mpaka jirani ashike adabu, watu wetu kwanza. Mimi niko mbele kabisa na kanga mpya aliyotugawia, nikapiga vigelegele mpaka sauti ikanikauka. Sikufikiri hata kidogo kwamba jirani mwenyewe ni wewe! Baadaye nimekuja kujua diwani mambo ya mpakani hayamhusu hata kidogo, lakini alivyosema ungedhani funguo za mpaka amezitia mfukoni.

Haikupita mwezi, Saumu akaenda na mikeka Mombasa kama kawaida, mpakani akatozwa. Akatozwa kama mtu aliyeleta mali kutoka ng'ambo. Mara ya pili akatozwa tena, na zaidi, akauza mikeka mitatu pale pale kwa bei ya kutupa ili alipie iliyobaki. Alirudi analia. Bi Rukia akapiga simu: "Bi Mwanahawa, mimi na wewe tumefanya kazi miaka mingi. Lakini mikeka yako ikija mara nyingine na ushuru mgongoni, nachukua ya plastiki. Watoto wadogo wanaipenda, ina picha za mapaka."

Mapaka, Zainabu! Wewe na mimi tushindwe na mapaka!

Nilikaa na simu mkononi nikakuwaza. Mimi nikikosa mikeka nitauza hata vitumbua, miguu ninayo. Wewe goti halikupeleki shambani wala ufukoni. Una ukili wako tu, hiyo mikanda ya ukindu unayoisuka na kuniletea niishone mikeka. Mikeka ikifa, wewe utakula nini? Na mimi nitapokea nini kutoka kwako? Maana kila kifurushi cha ukili kikifika hapa huwa nakifungua nakinusa kwanza, kina moshi wa jiko lako. Saumu ananicheka. Acha acheke.

Mgombea akarudi. Safari hii uwanjani, na spika kubwa kuliko mlango. Nikanyoosha mkono, vijana wake wakajifanya hawanioni. Nikapanda juu ya kiti.

Akasema, "Haya, bibi yangu, una swali?"

"Swali sina, baba. Nina madai. Ulipokuja mara ya kwanza nilikupigia vigelegele. Nimekuja kuvichukua."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Naye akacheka, ana meno mazuri. Akasema, "Bibi, vigelegele vikishatoka vimetoka."

"Basi nirudishie sabuni."

Hapo wanawake wakaanza, "Ehee! Na mafuta! Mwambie na mafuta!" Akainua mikono. Akasema ushuru ule ni wa kutulinda sisi. Nikamuuliza, "Unanilinda na nani? Na mdogo wangu? Anasuka ukili akiwa amenyoosha goti bovu, huyo ndiye adui?" Akasema suala langu ni zuri na atalifanyia kazi. Nikashuka kwenye kiti. Kura yangu bado nimeifunga kwenye pindo la kanga, na kanga yenyewe si ile aliyonipa.

Sasa ndipo Mungu alipofungua mlango. Wakati natoka uwanjani binti mmoja akanishika mkono, mtaratibu, kajitanda vizuri. Akasema anafanya kazi kwenye mambo ya biashara, amekuja kusikiliza kama raia mwingine. "Bibi, mikeka yako unaisuka kwa mkono?" Nikamwambia ndiyo. "Basi haitakiwi kutozwa ule ushuru. Kitu kilichotengenezwa humu kwetu Afrika Mashariki, na mzigo wenyewe mdogo, unajaziwa cheti cha uasili, karatasi ya kuonyesha kimetengenezwa wapi, pale pale mpakani, unapita." Nikamwona mwongo. Nikamkokota mpaka nyumbani, nikamkalisha, nikamwita Saumu.

Binti akamuuliza Saumu, "Dada, ulipoulizwa mikeka imetengenezwa wapi, ulijibuje?"

Saumu akasema, "Nilisema ukweli. Ni ya mama mdogo Zainabu, wa Kipini."

Yule binti akajishika kichwa. "Dada yangu! Mzigo unatoka Tanzania unaingia Kenya, karatasi huna, halafu unasema umetengenezwa Kenya! Afisa afikirie nini? Ataona umeutoa ng'ambo, umeshushwa bandarini, na wewe unamdanganya mchana kweupe."

Tukatazamana mimi na Saumu. Hakuna aliyetuonea, Zainabu. Adabu yetu wenyewe ndiyo iliyotutoza! Unajua tulivyolelewa. Mkeka ni wa aliyeanza ukili, mshonaji ana sindano tu. Mama alimpiga marufuku barazani kwake yule jirani aliyeshona mkeka wa mwenzake akaenda kuuza akiuita wake. Mpaka jirani yule anakufa, watu walikuwa wakimtaja kwa mkeka ule. Saumu nami nimemlea hivyo hivyo. Akiulizwa atajibu nini kingine?

Yule binti akasema mambo ni rahisi. Mikeka inamalizikia Bagamoyo, kwa hiyo niseme imetengenezwa Bagamoyo na mimi. Nikamwambia, "Mwanangu, umekunywa chai yangu na sasa unanifundisha kuiba." Saumu akaja juu, "Mama, ni maneno ya kwenye karatasi tu! Mama mdogo atajuaje?" Nikamtupia kandambili. Atajuaje! Mimi nitajua.

Lakini nikaona mapaka ya plastiki. Nikaona goti lako. Nikamwambia Saumu, "Funga mzigo. Safari hii tunakwenda wote, nitajibu mwenyewe."

Tukapita Tanga, tukafika mpakani jua la saa tano. Afisa kijana, miwani usoni, akanipa shikamoo yake vizuri, nikaona huyu ana mama. Akafungua mkeka mmoja, ule wako wa zambarau na kijani, akaupapasa kwa kiganja.

"Bibi, hii imetengenezwa wapi?"

Saumu akanifinya kiuno. Nikasema, "Bagamoyo."

"Na nani?"

Zainabu, nilisema, "Na mimi." Nilisema!  Akauliza jina langu, akaandika Mwanahawa, na akajaza yote, bado kugonga muhuri tu. Saumu anatabasamu. Mimi namwona mama amesimama nyuma ya yule kijana, ameshika ufagio.

Nikashindwa. Nikasema, "Baba, simama kwanza. Nimekudanganya."

Saumu akajifunika uso na mtandio. Kijana akaweka muhuri chini, akavua miwani. Nikamwambia yote. Ukili ni wa mdogo wangu wa Kipini, yeye ndiye anayechagua rangi, yeye ndiye anayeanza, mimi nashona. Kwetu sisi mkeka ni wake. Ukiutoza utoze, lakini jina langu peke yangu lisikae pale.

Akamwita mwenzake. Wakanong'ona, wakageuza ile karatasi, wakaukunja mkeka, wakaukunjua. Watu nyuma yangu kwenye foleni wananung'unika, mwanamume mmoja mwenye katoni akasema, "Bibi, si ungenyamaza tu!" Nikamwambia anyamaze yeye.  Lakini nakwambia kweli, niliona nimekunyang'anya chakula kwa mdomo wangu mwenyewe.

Kijana akarudi. Akasema, "Bibi, Kipini iko Kenya, Bagamoyo iko Tanzania, zote zimo ndani ya jumuiya. Ukili wa kule na mshono wa huku, yote yanahesabika ni yetu. Mngesema hivi tangu mara ya kwanza msingetozwa."

"Basi andika na jina lake."

"Nafasi ni ya jina moja, bibi."

"Andika herufi ndogo."

Akacheka, Zainabu, akacheka mpaka akafuta macho. Akainama, akaandika. Kisha akagonga muhuri, na mimi nikapiga vigelegele ndani ya lile jengo la serikali, na vile sitakwenda kuvidai! Hata yule wa katoni akapiga makofi. Saumu akaendelea na mzigo Mombasa. Mimi nauli yangu ilikomea hapo, nikageuza, huku naitazama barabara ya kuja kwako mpaka basi likakata kona.

Sasa jambo lenyewe ni hili. Jina langu lipo kwenye cheti cha mkeka wako. Tena lipo juu, kwa sababu lilishaandikwa, na lako lipo chini yake, dogo, limebanana. Sikukuuliza. Kama limekuuma, niambie bila kunionea haya. Mzigo ujao nitakwenda tena niwaambie wafute langu, na wakitutoza watutoze. Lakini kama moyo wako umeridhia, usinijibu kwa maneno. Niletee ukili, nami nitajua. Bi Rukia anataka mikeka mingi mwezi huu kuliko mwezi wowote, anataka nyekundu kwa nyeusi, na ile yenye nakshi ya vidirisha unayoijua wewe peke yako. Anza leo. Goti linyooshe, mikono haina ugonjwa.

Nisalimie wifi yako mwenye maneno mengi, mwambie nimemkumbuka hivyo hivyo. Nisalimie mke wa Athumani, na yule binti anayekuchania ukindu, na mwalimu wa madrasa wa mtaani kwenu, na huyo jirani anayekuletea maji, Mungu amlipe. Saumu anakuamkia shikamoo, na anaomba umsamehe kwa neno lile la "atajuaje."

Athumani, ndani ya bahasha kuna karatasi, nakala ya cheti. Itoe. Mshike mama yako kidole, umpeleke mpaka mstari wa chini, pale muhuri ulipogusa. Zainabu, hujasoma, nami kusoma kwangu ni kwa ngumbaru tu, lakini hapo unapogusa umeandikwa wewe.

Dada yako,
Mwanahawa,
mshonaji wako.