Chumvi ya Watu Mia Tatu

Tarehe 3 Juni

Kwako kifungua mimba wangu,

Hujambo? Nyumbani hawajambo? Mimi ni mzima, ila mikono inanuka vitunguu hata nikioga mara mbili. Simu ilizama kwenye karai la viazi siku ya pili tu, ndiyo maana unaona barua. Dereva wa mboga atakuletea, maana hupita hapo shuleni.

Mafunzo gani haya! Siku sita sijashika hata mwiko. Namenya. Nilianza kupika kwenye jiko la shule wewe ukiwa mgongoni, leo mpishi mkuu wa mgahawa huu, kijana ambaye ningeweza kumzaa, ananiambia, "Mama, umekata kitunguu kinene." Kinene! Yeye kila kitu lazima kipande kwenye mizani kwanza. Nimempa jina Bwana Mizani, kimoyomoyo lakini.

Nitafanyaje? Mwalimu mkuu amesema wazi: muhula ujao jiko la shule halimtaki mpishi asiye na fomu ya mafunzo iliyosainiwa. Wiki sita, fomu moja. Wewe nishikie nafasi yangu tu, asije akapenya mtu.

Mama yako


Tarehe 9 Juni

Mama, shikamoo.

Huku wote wazima, hofu ni kwako tu. Vumilia, Mama, mvumilivu hula mbivu.

Wewe unalia na vitunguu, mimi nalia na watoto mia tatu. Jana maharage yalirudi na sahani zake. Ulinifundisha nitie chumvi "mpaka mkono ukatae." Mama, mkono wangu haukatai! Unatia tu. Mwalimu mkuu alionja, akaisukuma sahani, akaondoka. Nitumie kipimo cha kueleweka, la sivyo nafasi yako itanifia mikononi.

Mwanao


Tarehe 15 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Nimefurahi kusikia mko wazima. Lakini makubwa haya! Mtoto wa mpishi hajui chumvi?

Nilingoja Bwana Mizani atoke, nikachota chumvi kwa mkono kama ninavyochota huko, nikapima. Konzi yangu moja ni gramu sitini na tano. Nimerudia mara kumi, haipungui wala haizidi, mpaka nikajiogopa. Basi maharage madebe mawili, konzi kumi, yaani gramu mia sita na hamsini. Tia yakishalainika. Wali, mchuzi na uji nimekuandikia nyuma ya karatasi.

Sasa sikia aibu yangu. Jumamosi niligoma. Niliweka kisu chini, nikasema simenyi tena mpaka nishike sufuria. Bwana Mizani akasema, haya, mpikie mteja wa meza ya dirishani. Mteja mmoja! Tangu lini nikapikia mtu mmoja? Mkono ukaenda wenyewe. Sahani ikarudi, na mteja anaomba jagi zima la maji. Jiko zima lilicheka, na aliyecheka zaidi ni muosha vyombo.

Tangu hapo kila asubuhi Bwana Mizani ananipikisha sahani moja, anaonja, anaimwaga, anasema, "Tena." Nalichukia hilo neno kuliko vitunguu.

Mama yako


Tarehe 2 Julai

Mwanangu,

U mzima kweli? Mbona kimya? Wiki mbili na ushei! Dereva anasema barua unapokea, lakini ukiulizwa jibu unageuza uso. Chumvi ilikataa? Au kuna mgonjwa mnanificha?

Mimi leo nimepika sahani moja, Bwana Mizani ameonja, akavuta kiti, akala yote. Hakusema "tena." Fomu anasaini wiki ijayo. Mwambie mwalimu mkuu narudi.

Mama yako


Tarehe 6 Julai

Mama, shikamoo.

Hakuna mgonjwa. Barua hii nimeiandika mara nne nikaichana.

Vipimo vyako nilivinakili kwenye karatasi, nikaibandika ukutani. Maharage yakaisha, watoto wakakomba na sahani. Mwalimu mkuu akaja, akaisoma ile karatasi, akauliza, "Kazi ya nani hii?" Nikasema yangu. Mama, niliogopa tu asije akasema siwezi kukushikia nafasi.

Juma lililofuata akaniita ofisini. Wameniajiri mimi. Kozi ya ile fomu nitasoma nikiwa kazini, kwa kuwa nina kidato cha nne, hivyo hawaoni haja ya kukungoja. Nilimwambia jiko ni la mama. Akasema mama akiwa na fomu hatakosa kazi kwingine. Nikasaini mkataba, tarehe ishirini na tano Juni. Sema neno moja tu, nitawarudishia kazi yao.

Mwanao


Tarehe 11 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Mwili ni mzima.

Barua yako imenikuta na fomu mkononi, muhuri bado mbichi. Bwana Mizani alikuwa ananipongeza mbele ya jiko zima, na mimi nimesimama kama gogo.

Nimekasirika, nisikufiche. Kazi haikuniuma kama hilo neno lako, "yangu." Miaka ishirini yote imo kwenye ile karatasi. Ungesema "ya mama" ungepungukiwa nini?

Usiwarudishie. Ukiacha wewe wataleta mtu baki, na sote wawili tutabaki nje. Bwana Mizani alikuwa anatafuta mpishi wa zamu ya asubuhi. Nimekubali palepale, kwa hasira, kabla sijafikiri.

Jumapili nakuja kuchukua nguo zangu. Usinipigie magoti, na usinililie, nitalia na mimi. Kazi ni yako, ifanye vizuri. Lakini usinitake nifurahi, mwanangu. Hilo nimejaribu tangu asubuhi, nimeshindwa.

Mama yako